Mkwe wa Kuigiza

Kwa miaka kumi na mmoja tulikuwa walimu wawili wa Historia katika shule moja ya kata upande wa Masukulu, na mwenye shahada nilikuwa mimi. Nimelisema mapema ili lisije likanikaa rohoni. Nilifundisha kidato cha tatu na cha nne, nilikuwa mkuu wa idara, ingawa idara yenyewe ilikuwa ya watu wawili, na ufunguo wa kabati la vitabu ulikaa mfukoni mwangu. Hata hivyo, mzazi akifika getini na kuuliza mwalimu wa Historia yuko wapi, mlinzi hakuniita mimi. Alinyoosha mkono kuelekea migombani nyuma ya madarasa, akasema Madamu yuko kule na watoto.

Shule ilikuwa na madamu watano, lakini neno hilo likitajwa peke yake kila mtu alijua ni yeye. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa gauni la kitenge na mabuti ya mpira ya kijani, maana kwetu mvua haiulizi ni mwezi gani. Alikotoka hakusema. Aliyemuuliza alijibiwa kwamba ametoka darasani, na darasani ndipo mahali ambapo ulikuwa humkuti. Kinyakyusa alikizungumza kwa makosa mengi na bila aibu hata kidogo, nacho ndicho alichowasalimia wazee njiani.

Mimi nilifundisha Historia. Yeye aliwaingiza watoto ndani yake. Kama mada ilikuwa wapagazi wa Vita vya Kwanza, wale babu zetu waliobebeshwa mizigo ya majeshi ya wazungu kwenye vilima hivi hivi, mimi niliandika ubaoni sababu tano na athari sita. Yeye aliwatwika. Kila mtoto alileta mfuko wa mahindi kutoka kwao, wakapangwa mstari mmoja, wakatembea kutoka shuleni mpaka mtoni na kupanda tena, mvua ikiwanyeshea, bila kuongea, kwa kuwa alisema mpagazi hakuwa na pumzi ya kuongelea. Naye alibeba wa kwake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, alipenda kusema, na watoto wakawa wanalisema hilo hata wakitumwa kuchota maji.

Mtihani wa mada ile niliusahihisha mimi. Swali liliuliza athari za vita kwa Waafrika. Msichana mmoja aliandika kwamba mzigo unauma shingo kabla ya kichwa, na kwamba mtu wa nyuma humchukia wa mbele, kwa sababu wa mbele ndiye anayeamua mwendo. Nikampa sifuri, kwa kuwa jibu hilo halikuwemo kwenye mwongozo. Halafu nikalifikiria njia nzima ya kwenda nyumbani. Chuoni nilisoma vitabu vingi vya vita vile na hakuna kilichonieleza chuki ya mtu wa nyuma. Alama sikuzibadilisha.

Wengine wangeliita jambo hili tofauti ya mbinu za kufundishia. Lilikuwa wivu. Naujua wivu wangu kama ninavyojua njia ya kwetu.

Siku moja walikuja wathibiti ubora wa shule, ambao zamani tuliwaita wakaguzi. Mmoja wao, baba mnene wa suti, aliuliza kidato cha pili kiko wapi, kwa kuwa chumba chao kilikuwa kitupu. Waungwana wangesema watoto wako kwenye mazoezi. Mimi nilimsindikiza mwenyewe mpaka migombani, nikamwonyesha, nikasimama pembeni kusubiri kishindo. Tulimkuta Madamu ameketi juu ya jiwe kama karani wa mkoloni, anahesabu wapagazi. Hakuinuka. Alimtazama yule mkaguzi kuanzia viatuni mpaka kichwani, akamwambia kwa ukali kwamba msafara umepungukiwa mtu mmoja. Baba wa watu akacheka, watoto hawakucheka. Basi akavua koti. Alibeba mfuko wa mahindi mpaka mtoni na kurudi, na ofisini alikaa akijikanda shingo. Kisha akatusimulia kwamba bibi yake mzaa baba alikuwa mjane wa mpagazi, na kwamba hakuwahi kulifikiria hilo tangu utotoni. Ripoti yake ilimsifu Madamu ukurasa mzima. Mimi nilipata mstari mmoja, wa unadhifu wa maandalio ya somo.

Asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Alikuwa na mambo yake. Alimtoa mtoto kwenye msafara kwa kosa la kuvaa saa, kisha yeye mwenyewe akaigiza afisa wa Kijerumani akiwa na yale mabuti ya kijani na kofia ngumu ya bodaboda kichwani. Nilipomwambia, tena kwa raha zote, alinijibu kwamba sura ya afisa hakuna anayeikumbuka, kinachokumbukwa ni mzigo. Siku aliyowafundisha njaa aliwazuia watoto wasiguse kitu mpaka jioni, na nilimwona kwa macho yangu nyuma ya mgomba akitafuna andazi. Vikao vyote alichelewa. Na tarehe, uti wa mgongo wa Historia kama nilivyofundishwa mimi, hazikukaa kichwani mwake hata moja. Alikuwa akichungulia ofisini na kuniuliza, "Kaka, ule ulikuwa mwaka gani?" Nilikuwa nikimtajia mwaka, mwezi na siku, na kwa aibu nasema kwamba furaha ya kuulizwa ilinichukua mpaka saa ya kutoka.

Lakini kilichonichoma kuliko vyote ni namna alivyowapata wazee. Sisi wasomi tukimwendea mzee tunakwenda na maswali. Yeye hakwenda na swali. Alikwenda na kazi, akakaa mbele ya mzee akaifanya vibaya. Alimwendea bibi mmoja wa Nkunga na chungu, akakaa uani kwake akijitwika upande, kata ya kichwani imelegea, maji yanammwagikia, mpaka bibi akashindwa kuvumilia, akainuka kumwelekeza. Ukishamwinua mzee kukuelekeza, mkono unavuta neno, neno linavuta lingine. Watu walidhani Madamu ni mzembe wa mikono. Kumbe usiku uliotangulia alishajifunza kukosea.

Ndivyo alivyomfikia baba yangu.

Baba alikuwa na zaidi ya miaka themanini na maneno machache sana. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni, na alitunzwa na dada yangu aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume. Nilipokuwa chuoni nilimjia na kinasa sauti kwa ajili ya utafiti wangu. Nilitaka vijiji vya rika: jinsi vijana wa Kinyakyusa, wakiwa bado watoto wa miaka kumi au kumi na moja, walivyotoka kwa baba zao wakajenga vibanda pembeni na kukaa wao kwa wao, rika moja, mpaka wakaoa na kijiji kikawa kijiji. Baba alikuwa miongoni mwa wa mwisho kukiishi. Alikitazama kinasa sauti, akasema, "Andika kwamba tulijenga." Nikamuuliza walijengaje. Akasema kwa mianzi. Utafiti wangu niliumalizia maktaba.

Jumamosi moja nilipeleka sukari kwa baba nikamkuta Madamu uani. Amekaa chini na mianzi mirefu, anaifunga kwa kamba za mgomba, na hata mimi niliona kwamba anafunga hovyo. Baba alikuwa barazani, amekunja uso. Akavumilia, akavumilia. Mwishowe akashika fimbo yake akashuka.

"Hivyo unafunga mbusi," alimwambia kwa lafudhi ya wazee wetu, "siyo nyumba."

Akachuchumaa. Baba yangu, ambaye alikuwa hainami hata kuokota kofia yake, alichuchumaa kwenye matope, akamnyang'anya ule mwanzi, na mikono yake ikaanza kwenda. Kamba inapita juu, inarudi chini, inakabwa kwa goti. Akaanza kusema. Nilisimama na kilo zangu mbili za sukari na hakuna aliyegeuka.

Tangu hapo kila Jumamosi alikuwa pale. Jumatatu, tukinywa chai ofisini, alinipa habari za baba yangu kama mtu aliyetoka safari. Kwamba walikuwa wavulana sita. Kwamba usiku wa kwanza mmoja wao alilia kwa kumwogopa fisi, na hao watano wakalala wakimzunguka. Kwamba baba ndiye aliyekuwa fundi wa kuezeka, na jina la utani walilompa kwa ajili hiyo lilimfuata mpaka alipooa. Nilikuwa nikiitikia kama mtu anayeyafahamu, lakini uso hauna siri.

"Kwani wewe hukujua?" aliniuliza siku moja, bila ubaya wowote.

Hilo swali nililibeba wiki nzima. Nilikuwa namjua baba kwa miaka arobaini na tano, na sasa nilikuwa nampata kwa mkono wa pili, pamoja na chai ya ofisini.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hata yeye hakuambiwa. Kijiji kile cha rika hakikudumu kwa baba: mwaka wa pili alikiacha kibanda na wenzake, akarudi kwa baba yake peke yake, jambo la aibu kwa kijana wa wakati ule. Kwa nini, hakuwa amesema. Alimwahidi Madamu kwamba atamwambia vibanda vya maonyesho aliyokuwa akiyaandaa shuleni vikishasimama na watoto wakishacheza. Madamu alinieleza hilo macho yakimng'aa, na mimi nikaapa moyoni kwamba hilo hatalipata.

Maonyesho yenyewe yalikuwa ya kijiji kizima: vijana wanatoka kwa baba zao, wanajenga, wanaoa, wake wanaletwa. Baba alikubali kuja kuketi kama baba wa kijiji. Sasa, katika mila yetu, mke aliyeolewa hakutani na baba wa mumewe. Akimwona njiani anaiacha njia, anainama kichakani, anajifunika uso. Jina lake halitamki, uani kwake hakanyagi. Naye mzee vilevile anageuza uso ampishe. Tunaita ukutila, na ni heshima kubwa, ingawa siku hizi wengi wetu tumeiacha. Mke wangu mwenyewe alimpa baba mkono siku ya harusi, mbele ya mchungaji, na baba aliupokea huku ameuepusha uso.

Sehemu ya mkwe alipewa msichana wa kidato cha pili, na kila wakijaribu alicheka. Nilimfuata Madamu nikamwambia kwa upole kwamba watoto hawawezi jambo zito kama hilo, acheze yeye. Nikaongeza kwamba hakuna wa kulifanya vizuri kumzidi. Ndiyo mara pekee niliyowahi kumsifu, na nilikuwa na sababu. Nilijua kitu ambacho niliamini yeye, mgeni, hakijui. Kwa baba yangu hilo halikuwa la kuigizwa. Mwanamke akimwachia njia mbele ya watu, basi amekuwa mkwe, na mkwe haketi uani kufunga mianzi na kupiga soga.

Alinitazama kidogo. Akasema sawa.

Siku ilipofika wazazi walijaa, na vibanda sita vya mianzi vilikuwa vimesimama nyuma ya shule, vimefungwa sawasawa. Madamu alitokea upande wa mtoni na mzigo wa kuni kichwani, ameacha mabuti, miguu mitupu. Baba alikuwa anakuja upande wa pili na fimbo yake. Alipomwona, Madamu hakusita hata nukta. Aliiacha njia, akazama migombani na kuni zake, akapiga magoti kwenye unyevu, akampa mgongo, akavuta kanga mpaka ikafunika kichwa chote. Hakuna aliyecheka. Baba alisimama. Kisha akageuza uso upande, akapita taratibu, na alipomfikia usawa wake alisema kuiambia ardhi, "Ndaga." Maana yake ahsante. Watu wakapiga makofi, baba hakupiga.

Jumamosi iliyofuata Madamu alikwenda kama kawaida. Dada yangu ndiye aliyenisimulia. Baba alipokisikia kikohozi chake nje, aliinuka barazani akaingia ndani na kufunga mlango, akamtuma dada aseme kwamba mkwe wake asisogee, na kwamba anamsalimu sana. Madamu alisimama nje ya ua muda wa kutosha, kisha akaenda zake. Hakurudi tena, na ikitokea amemwona baba kwa mbali barabarani, aliingia kwenye shamba la chai mpaka apite.

Nilifurahi. Sitadanganya. Jumatatu ile niliinywa chai yangu yote, na hakuna aliyenihadithia kuhusu baba yangu. Nikaanza kusubiri. Niliona kwamba mlango umebaki mmoja, na kwamba mzee aliyezoea kuongea kila Jumamosi ataongea tu, na wa kuongea naye nitakuwa mimi. Nilikuwa nikipeleka sukari, nasimama kidogo, namuuliza hali, naondoka. Sikukaa chini. Nilitaka aniite yeye. Alikuwa amemshukia mwanamke wa watu mpaka matopeni, alishindwaje kuniita mimi mwanawe? Hivyo ikapita mvua ya kwanza na ya pili, na baba akafariki asubuhi moja akiwa ameketi pale barazani.

Msibani Madamu alisimama mbali, nyuma ya wanawake wote, kichwa kimefunikwa. Shangazi zangu waliulizana yule ni mkwe wa nani. Mwaka uliofuata alistaafu, akahamia Tukuyu mjini, na shule ikanipa mimi vidato vyote vinne. Vibanda vilioza. Hakuna mzazi aliyekuja getini kumuulizia mwalimu wa Historia.

Nilimwona tena mwaka jana. Nilikuwa na shughuli mjini, nikapita Msasani, ile ya Tukuyu, nikamkuta ameketi mbele ya chumba alichopanga, anachambua maharage. Alikuwa amekonda zaidi, na mguu mmoja umevimba. Alinivutia kigoda, akaniuliza habari za shule, akacheka niliposema idara sasa ina mtu mmoja na bado mimi ni mkuu wa idara. Nilikuwa sijapanga kusema kitu. Lakini alikuwa ananimiminia chai, na nikajisikia vibaya kuipokea.

"Madamu," nikamwambia, "ile siku ya maonyesho ni mimi niliyekusukuma. Nilijua baba hatakupokea tena."

"Na mimi nilijua, kaka. Yule bibi wa Nkunga alishanionya."

Nilimuuliza sasa kwa nini alikubali. Alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa.

"Baba yako aliwahi kuniambia ana wakwe wanne, wa watoto wake wa kiume wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwachia njia. Alisema kwa kutania. Lakini nilimwona. Nilikuwa nimechukua mengi kwake, nikaona na mimi nimpe hilo moja."

Kisha akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akatoka na daftari kubwa na kalamu. Alikuwa amevaa miwani. Alifungua ukurasa ulioandikwa nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa tupu, akaketi akanielekezea uso, na macho yake yalikuwa yale yale ya Jumatatu ofisini.

"Na lile alilobakiza nilijua halitapotea," alisema. "Nilisema nikitoka mimi pale uani, atakaa mwanawe. Msibani niliona siyo mahali pa kukuuliza. Haya sasa. Kwa nini alirudi kwa baba yake?"

Nikamwambia sijui.

Alidhani nataka kubembelezwa. Akatabasamu, kalamu bado iko juu ya karatasi. Ikabidi nimwambie tena, polepole, kwamba sikumuuliza. Kwamba nilikuwa nikienda, nasimama, naacha sukari. Kwamba sikukaa naye hata siku moja.

"Mwaka mzima na nusu?"

"Nilikuwa nasubiri aniite."

Alifunga daftari. Hakunilaumu, na ningetoa chochote anilaumu. Alivua miwani akaiweka mapajani juu ya maharage, na machozi yakamtoka, akiwa amekaa wima, bila kuyafuta, akimlilia mzee ambaye yeye alijitwika kuni na kupiga magoti matopeni kwa ajili yake. Nami nilikaa pale kwenye kigoda na macho makavu, na nitalisema kama lilivyokuwa: hata machozi yale nilimwonea wivu, kwa kuwa yalikuwa ya baba yangu.